Mgeni Asiyepewa Jembe: Mwongozo wa Kuifuga Ofisi Nyumbani

Mwongozo huu ni wa yule ambaye, gonjwa jingine likizuka, ataambiwa na mwajiri wake abebe laptopu aende nayo nyumbani. Mwandishi wake ana sifa zote zinazohitajika. Alibeba yake Jumatatu ya tarehe 16 Machi 2020, akaitua juu ya stuli sebuleni kwake Umoja, Nairobi, ghorofa ya nne, akaambiwa ni kwa majuma mawili. Miezi kumi na tisa baadaye stuli ilikuwa ingali pale pale, mguu wake mmoja umetiwa kadibodi chini, naye mwandishi akawa mtu wa kuinuka kitini kwa awamu tatu, kama ngamia.

Historia utaikumbuka. Ijumaa ya tarehe 13 Waziri wa Afya, Mutahi Kagwe, alitangaza mgonjwa wa kwanza wa Korona nchini Kenya. Jumapili Rais Uhuru Kenyatta akafunga shule, akawataka waajiri wa serikali na wa kampuni wawaruhusu watu wao wafanyie kazi nyumbani, isipokuwa wale wa huduma za lazima. Neno "nyumbani" lilipita bila kuulizwa kitu. Nyumba ipi, ina vyumba vingapi, na nani mwingine yumo, hayo yaliachiwa kila mtu na mke wake.

Nikiri jambo moja mapema. Jumatatu ile tulifika ofisini Upper Hill kuchukua vifaa tu. Langoni nilikopa mandazi sita kwa mama aliyekuwa akituuzia kila asubuhi, ya kuwapelekea watoto. Shilingi sitini. Nikamwambia nitamlipa tukirudi. Akacheka, akafunga mandazi kwenye gazeti. "Enda salama, baba. Mimi niko hapa tu."

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ni wazi hawakuwahi kuikaribisha ofisi. Ofisi hula stima, hunywa intaneti, hukalia upande mzuri wa kochi, huamka kabla yako na kulala baada yako, na siku ya tatu ikifika, ni yenyewe inayokukabidhi wewe jembe. Ndiyo maana pana haja ya maelekezo.

Kumtafutia mgeni pa kukaa

Ikiwa una chumba cha ziada chenye mlango na dirisha, usipoteze wakati wako hapa. Mwongozo huu haukuandikiwa watu wa Karen. Sisi wa vyumba viwili ndio tuna la kupanga.

Siku zile mabosi walipenda sana kutaja utafiti mmoja wa Uchina. Profesa Nicholas Bloom wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake waliwafuatilia wafanyakazi wa kituo cha simu cha Ctrip, kampuni ya usafiri ya Shanghai, kwa miezi tisa kuanzia Disemba 2010. Waliofanyia kazi nyumbani walizalisha zaidi kwa asilimia 13. Bosi wetu aliipenda hiyo 13, akaikuza kwenye slaidi hadi ikajaza skrini. Yaliyokosa nafasi kwenye slaidi ni masharti: walioshiriki walikuwa wamejitolea wenyewe, na kila mmoja alitakiwa awe na chumba chake cha kufanyia kazi, peke yake. Wala slaidi haikusema kwamba jaribio lilipokwisha na watu wakapewa hiari, karibu nusu ya waliokuwa nyumbani walirudi ofisini, wengi wakilalamikia upweke.

Upweke! Kwangu, kwa hesabu ya Machi, tulikuwa saba: mimi, mke wangu, watoto watatu, dada wa kazi, na ofisi.

Sebuleni hapafai, maana shule nayo ilihamia huko. Masomo yalirushwa kwenye televisheni na redio, kwa hiyo saa tatu asubuhi ukuta mmoja ulifundisha sehemu, wa pili ulijadili mauzo ya robo ya kwanza, na jikoni palikaangwa vitunguu. Chumba cha kulala kina kitanda, na kitanda huonekana. Bosi anajua unacho. Hataki tu kukiona. Roshani ina mwanga mzuri, lakini pia ina kamba za nguo, na upepo wa Umoja hauheshimu mkutano: katikati ya maelezo yangu kuhusu madeni sugu, suruali ya ndani ya mtu mzima ilinipapasa uso mbele ya watu kumi na wanane.

Bafuni, nakushauri, ndiko. Kuna kufuli. Sauti inarudi vizuri, unasikika kama mtu mwenye cheo. Maji ya mfereji kwetu huja Jumanne na Ijumaa, kwa hiyo ndoo huwa zimejaa na kufunikwa, na ndoo iliyofunikwa ni kiti. Niliongoza mkutano mzima wa bajeti nikiwa juu ya ndoo. Niliteleza mara moja tu, na hapo swali la kisheria likazaliwa: Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007 inamlinda mfanyakazi aliyeumia akiwa katika shughuli za kazi yake. Je, nilipoanguka, nilikuwa kazini au bafuni? Niliuliza ofisi ya rasilimali watu. Wakanijibu kwamba wanathamini ustawi wangu.

Hao hao, mwezi wa Mei, walitutumia barua pepe yenye picha ya namna bora ya kukaa: viwiko nyuzi 90, nyayo sakafuni, skrini usawa wa macho. Picha ilikuja, kiti hakikuja. Nilijitahidi kutii kwa kupandisha laptopu juu ya jerikeni ya lita 20. Skrini ikafika usawa wa macho, kibodi ikafika usawa wa kidevu, nami nikawa ninaandika barua nikiwa kama mtu anayejisalimisha kwa polisi.

Adabu za mkutano

Zoom ya bure ilikuwa ikikata mkutano wa watu wengi baada ya dakika 40. Katika maisha yangu yote ya ajira sijawahi kuwa na mtetezi kama huyo. Mazungumzo yalikuwa na mwanzo na mwisho, na mwisho ulikuja hata bosi akiwa katikati ya sentensi. Kisha kampuni ikalipia. Siku ile tuliambiwa ni habari njema.

Hatukuwa peke yetu. Zoom ilikuwa na washiriki wa mikutano wapatao milioni 10 kwa siku mnamo Disemba 2019; kufikia Aprili 2020 walikuwa milioni 300. Watafiti wa Marekani waliochunguza barua pepe na kalenda za watu milioni 3.1 katika miji 16 ya Amerika Kaskazini, Ulaya na Mashariki ya Kati walikuta kwamba baada ya miji kufungwa, kila mkutano ulikuwa mfupi, ila mikutano yenyewe iliongezeka, na siku ya kazi ikarefuka kwa dakika 48.5. Dakika 48.5 ndizo nilizokuwa nikikaa ndani ya matatu kutoka Umoja hadi mjini siku ambayo barabara ya Jogoo ina huruma. Kwa hiyo tuelewane vizuri: muda wa safari haukurudi kwako. Ulibadilisha mikono tu. Na ndani ya matatu angalau ningelala.

Kanuni ya kwanza na ya mwisho ni kuzima maikrofoni. Mtu asiyeizima hana siri. Siku moja niliulizwa maoni yangu kuhusu mkakati wa miaka mitano, nikafungua sauti, na wakati huo huo mchuuzi mwenye kipaza sauti akapita chini ya jengo: "Dawa ya panya! Dawa ya mende! Dawa ya kunguni! Kunguni wanakusumbua? Usiku hulali?" Kimya kikatanda. Bosi akasema pole. Tangu siku hiyo, kila nikitaja uchovu kwenye mkutano, kuna mtu hushika mdomo.

Kamera nayo ina mambo yake. Profesa Jeremy Bailenson, wa Stanford pia, aliandika mwanzoni mwa 2021 kuhusu kinachochosha kwenye mikutano hii: nyuso zilizo karibu mno zinazokukodolea macho, kujitazama mwenyewe kutwa nzima, kukaa mahali pamoja bila kujongea, na akili kuhangaika kusoma ishara ambazo ana kwa ana huja bure. Mimi ningeongeza la tano, yaani kumtazama mwenzako ukutani kwake. Nilifanya kazi miaka minane na mwenzangu wa idara ya malipo bila kujua kwamba ana saa ya ukutani isiyofanya kazi. Ilisimama saa nne na robo. Mikutano yetu yote, kwa muda wa miezi kumi na tisa, ilifanyika saa nne na robo.

Ikiwa ulibahatika kuwa kijijini wakati Nairobi inafungwa, ulikuwa na tatizo tofauti, na suluhisho lake lilikuwa la ajabu. Julai 2020 kampuni ya Loon, iliyokuwa chini ya Alphabet wenye Google, ilianza pamoja na Telkom Kenya kusambaza intaneti kwa maputo yaliyoelea mbinguni, juu kupita njia za ndege, hasa upande wa magharibi na kati ya nchi. Ofisi ikawa inamfuata mtu shambani kutoka angani. Januari 2021 Loon wakatangaza kwamba biashara haina faida, wanafunga. Maputo yakateremshwa. Jembe likabaki.

Hesabu

Chukua karatasi, uigawe katikati. Upande mmoja andika unachookoa kwa kutotoka. Kwangu, nauli shilingi 70 kwenda na 70 kurudi, siku 22: 3,080. Chakula cha mchana kibandani, shilingi 120 kwa siku: 2,640. Jumla 5,720 kila mwezi. Fedha hizo zipo. Kazi ni kuzitafuta.

Upande wa pili andika alichokula mgeni. Intaneti ya nyumbani, 2,900. Tokeni za stima, ongezeko la 1,200. Mkate: zamani mmoja kwa siku ulitosha, lakini mtoto aliye shuleni hula kengele ikilia, na aliye nyumbani hula akimwona baba yake, basi mkate wa pili kila siku, 1,500. Hiyo ni 5,600. Imebaki shilingi 120, na mtungi wa gesi wa kilo 13 uliokuwa ukikaa wiki saba sasa unakaa nne. Kiti nilichonunua mwezi wa Agosti kwa 6,500, baada ya ndoo kunishinda, sijakiandika popote. Nilimwambia mke wangu nimekiazima.

Sasa njoo kwenye mshahara. Tarehe 25 Machi Rais alitangaza kwamba yeye na naibu wake wangepunguziwa mshahara kwa asilimia 80, mawaziri kwa 30. Bosi wetu aliguswa mno na mfano huo wa uongozi. Aliguswa hadi akaanza na sisi. Tulikatwa asilimia 20, "kwa muda." Mshahara wangu wa 60,000 ukawa 48,000.

Serikali, haki yake tuipe, ilitupoza. Kuanzia Aprili kiwango cha juu kabisa cha kodi ya mshahara kilishuka kutoka asilimia 30 hadi 25, nafuu ya kila mlipa kodi ikapanda kutoka shilingi 1,408 hadi 2,400 kwa mwezi, mwenye mshahara wa 24,000 kushuka chini akaachwa asilipe kitu, na VAT ikateremka kutoka asilimia 16 hadi 14. Kwa hiyo ingawa mshahara ulikatwa 12,000, baada ya kodi pengo mfukoni mwangu lilikuwa kama 5,300. Nililalamika kidogo, kwa sauti ya wastani. Kisha Januari 2021 ikaja: asilimia 30 ikarudi, VAT ya 16 ikarudi. Kile kilichokatwa kwa muda hakikuambiwa kwamba muda umekwisha.

Mwaka huo huo tuliarifiwa, kwa furaha na alama tatu za mshangao, kwamba kampuni imerudisha kwa mwenye jengo ghorofa moja kati ya zake mbili. Nilikaa nikaitafakari ile ghorofa. Ghorofa haipotei. Zulia linaweza kuviringishwa, lakini nafasi ya mtu kukaa na kupumua na kuchomeka waya lazima iwe mahali fulani. Nikageuka, nikaiona: ilikuwa kati ya kochi langu na jokofu. Nikapima kwa futi. Kiti, stuli, waya na sehemu ambayo mtoto hawezi kupita vilichukua sehemu moja ya sita ya sebule ninayoilipia kodi. Nikaandika barua kwa heshima zote, nikiomba kampuni ichangie kodi ya hiyo sehemu. Jibu lilinitaka nitazame kufanyia kazi nyumbani kama fursa. Ukiandika barua ya namna hiyo, ihifadhi kwenye rasimu. Mimi niliituma, na mwenzangu wa saa nne na robo ndiye aliyepandishwa cheo.

Kuhusu mwili wako

Mke wangu ni muuguzi katika hospitali ya umma. Kwa lugha ya Jumapili ile, yeye alikuwa "huduma ya lazima," nami nilikuwa wa kupelekwa nyumbani. Kafyu ilipoanza tarehe 27 Machi, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, aliipita kwa kitambulisho cha kazi. Viatu aliviacha nje. Mlangoni kulikuwa na beseni la maji ya sabuni, na watoto walifundishwa kumsalimia wakiwa mbali hadi aoge. Jioni nilipochagua kumweleza habari za mgongo wangu, barakoa ilikuwa imemwachia alama usoni kama mtu aliyelalia kamba.

"Pole, baba," akasema. "Kumbe kukaa kunauma hivyo."

Kunauma, nami sitaomba radhi. Mei 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walitoa hesabu yao: anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki yuko kwenye hatari ya kupata kiharusi iliyozidi kwa asilimia 35, na ya kufa kwa ugonjwa wa moyo kwa asilimia 17, ukimlinganisha na wa saa 35 hadi 40. Walikadiria kwamba mwaka 2016 pekee saa hizo ndefu ziliua watu 745,000, na huo ni mwaka ambao laptopu yangu ilikuwa bado inalala ofisini. Nilijihesabia wiki moja, tangu barua pepe ya kwanza ya saa kumi na mbili asubuhi hadi "samahani kwa kukusumbua usiku." Nilipata saa 57. Nikampelekea mke wangu takwimu hizo. Akazisoma zote, akaniambia dawa yake ni rahisi: saa kumi na moja jioni ifunge hiyo mashine. Wauguzi wana akili nyingi lakini hawaijui ofisi. Zamu yao ina mtu wa kupokea. Yangu ilipokelewa na mimi.

Mazoezi usisumbukie. Kutoka kitandani hadi kwenye stuli ni hatua kumi na moja, nami nilizitembea zote. Maji yakikosekana, jerikeni ya lita 20 hadi ghorofa ya nne ni mazoezi ya mikono, ya miguu na ya dini. Suruali ya ofisini usiijaribu kabla ya wakati; ina habari ambazo huzihitaji. Macho yakiwasha, tazama mbali. Kwetu mbali ni ukuta wa jirani, mita mbili na nusu.

Utani tuuweke kando kidogo. Kukaa nyumbani kulitulinda, na si sisi tu. Matatu ya viti 14 iliruhusiwa kubeba abiria 8. Viti vile vinane walivihitaji watu kama mke wangu, na kila mtu aliyebaki na laptopu yake bafuni alikuwa mtu mmoja asiyekuwa kwenye foleni ya stejini akimpumulia mwingine shingoni. Nilikuwa nikimwambia hivyo saa kumi alfajiri, akifunga kamba za viatu. Alikuwa akijibu kwamba ananishukuru kwa kulala.

Wasiobebeka kwenye laptopu

Sehemu hii watunga miongozo huiruka, kwa sababu haina ushauri ndani yake.

Sensa ya 2019 ilikuta kwamba katika Wakenya wa umri wa miaka mitatu kwenda juu, waliotumia kompyuta ni asilimia 10.4. Na ukiacha wakulima wadogo, zaidi ya watu wanane katika kila kumi wenye kazi nchini wako jua kali. Hakuna programu ya kupulizia rangi gari ukiwa kitandani. Kwa hiyo agizo la kufanyia kazi nyumbani lilikuwa barua iliyoandikiwa wachache, ikasomwa kwa sauti mbele ya wote. Mwaka 2020 ulipokwisha, Shirika la Takwimu la Taifa lilihesabu zaidi ya ajira laki saba zilizopotea, na uchumi kwa jumla ulipungua kwa asilimia 0.3. Ile sufuri nukta tatu ni ndogo sana kuisoma. Sikumfahamu mtu yeyote aliyepungukiwa kwa asilimia 0.3.

Niliwafahamu wengine. Yule kijana wa kiwi aliyening'arishia viatu kila Jumatano: viatu vyangu vilikaa chini ya kitanda hadi vikaota ukungu. Makanga wa gari la asubuhi aliyenijua kwa jina la Mwalimu, ingawa sijawahi kufundisha. Mama wa kibanda cha mchana ambaye ile 2,640 yangu ya "akiba" ilikuwa yake. Ukirudi kwenye ile karatasi ya hesabu utaona kwamba upande wa kuokoa hauna senti hata moja iliyotoka kwa mwajiri. Kila shilingi niliyoiokoa niliitoa mfukoni mwa mtu mwingine, mtu asiyekuwa na barua ya ajira wala bosi wa kumwandikia kuhusu fursa.

Na wa kwanza kumwachisha mtu kazi katika jengo letu zima, kabla ya kampuni yoyote, nilikuwa mimi. Wiki ya kwanza ya Aprili tuliketi na mke wangu, tukaona kwamba baba yuko nyumbani kutwa, mshahara unakatwa, na nyumba imejaa. Tukampa dada wa kazi fedha za mwezi huo na nauli ya kwenda kwao magharibi. Alipanda gari Jumamosi. Jumatatu ya tarehe 6 Nairobi ikafungwa, asiingie mtu asitoke, hadi Julai. Tulipongezana kwa kuwahi. Nilimwambia ni kwa muda.

Ushauri unaofuatia hapo ni mdogo: jifunze kukoroga ugali huku umevaa tai.

Kurudi

Tarehe 20 Oktoba 2021, Sikukuu ya Mashujaa, kafyu iliondolewa. Juma lililofuata tuliitwa kazini, siku mbili ofisini na tatu nyumbani, utaratibu ambao waliuita mseto, jina ambalo kijijini kwetu ni la mahindi na maharage shambani pamoja.

Safari ya kurudi ina mambo ya kuandaa. Suruali nimeshaitaja. Viatu vyangu vilihitaji kiwi na siku mbili za jua. Pandia gari stejini mapema, na usishangae nauli. Ilipanda kwa sababu ya wale abiria 8, na haikuona sababu ya kushuka waliporudi kuwa 14. Ukifika, usitafute meza yako. Ghorofa ni moja sasa, na meza ni ya atakayewahi. Mimi sikuwahi. Nilipewa nafasi karibu na mashine ya kuchapa, kwenye kiti cha magurudumu, cha kuegemea, chenye viwiko vya nyuzi 90 kama ile picha. Mgongo ulikikataa. Kufikia saa sita nilikuwa nimekaa ukingoni kabisa, nimeinama mbele, kama mtu aliye juu ya ndoo.

Shilingi sitini zilikuwa kwenye mfuko wa shati tangu asubuhi, noti ya hamsini na sarafu ya kumi. Fedha hizo ningeweza kuzituma siku yoyote. Tangu Machi 2020 hadi mwisho wa mwaka ule M-Pesa hawakutoza kutuma chochote kisichozidi elfu moja. Ila sikuwa na namba yake. Miaka minane ya mandazi, nami sikulijua hata jina lake. Tulikuwa tukiitana mama na baba.

Langoni, mahali pake, palikuwa na meza ya kuuzia barakoa. Nikamwuliza askari wa lango, ambaye yeye hakupelekwa nyumbani hata siku moja.

"Yule wa mandazi? Alikuja karibu kila siku mwezi wa nne. Wa tano akapunguza. Alikuwa akiuliza mnarudi lini, nami namwambia wamesema majuma mawili."

"Na sasa yuko wapi?"

"Sijui, mzee. Ulikuwa na shida gani naye?"

Nikamweleza habari ya deni. Akanyoosha mkono. "Lete tu mimi, akipita nitampa."

Nikampa. Akazikunja noti na sarafu pamoja, akazitia ndani ya kofia, akaenda kufungulia gari lango.